Muhula mmoja wa wakili Lincoln: nani hasa alimwondoa bungeni?

Kuna simulizi inayojirudia kila Abraham Lincoln anapotajwa kama mbunge. Wakili wa Illinois alichaguliwa mwaka 1846 kuingia Baraza la Wawakilishi la Marekani, akafika Washington, akamkabili Rais James Polk kwa sababu ya vita vya Mexico, wananchi waliomtuma wakachukia, wakamnyima muhula wa pili. Akarudi nyumbani ameinamisha kichwa. Simulizi hii imekaa vizuri masikioni, ndiyo maana haifi. Lakini wapiga kura hawakumnyima Lincoln chochote, kwa kuwa mwaka 1848 hakugombea. Nani aliamua asigombee, na lini, ndilo fundo ninalotaka kulifungua hapa. Bila kulifungua hatuwezi kuipima kwa haki kazi aliyoifanya katika miaka ile miwili.

Wakili asiyekuwa na mwalimu

Lincoln alizaliwa Kentucky tarehe 12 Februari 1809, akakulia Indiana, akaingia Illinois na familia yake mwaka 1830. Mwenyewe alikadiria kwamba siku zote alizokaa darasani, zikijumlishwa, hazifiki mwaka mmoja. Katika kijiji cha New Salem aliuza dukani, akawa mkuu wa posta, akapima ardhi. Mwaka 1832 aligombea bunge la jimbo akashindwa. 1834 akashinda, na akakaa humo mihula minne, hadi 1842. Hili lisichanganywe na Washington. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, na muhula mmoja tunaouzungumzia ni wa bunge la taifa, ambako wawakilishi huchaguliwa kwa miaka miwili tu.

Sheria alijisomea. Mbunge mwenzake, wakili John Todd Stuart, alimwazima vitabu, na Lincoln akavisoma peke yake hadi akapata leseni mwaka 1836. Aprili 1837 alihamia Springfield akawa mshirika wa Stuart ofisini. Baadaye alishirikiana na Stephen Logan, na kuanzia 1844 na kijana William Herndon, ushirika uliodumu hadi alipokuwa rais.

Kazi yenyewe ilikuwa ya barabarani. Mara mbili kwa mwaka jaji na mawakili walifunga safari kwa farasi, kaunti hadi kaunti, mahakama ikiwafuata watu waliko. Wakifika mji fulani walikuta wenye mashauri wanasubiri: deni, mpaka wa shamba, nguruwe aliyeharibu mazao, kashfa, mara mojamoja mauaji. Wakili alichukua kesi asubuhi na kuisimamia siku hiyohiyo. Usiku walilala wawili kitanda kimoja katika nyumba za wageni, na jioni walipiga soga na wenyeji. Kwa mtu mwenye nia ya siasa, hapakuwa na shule bora kuliko hii. Lincoln aliwajua watu kwa majina, alijua nani anamdai nani, na walimjua kwa kumsikia akiongea mbele ya jopo la raia, watu wa kawaida walioketi kuamua kesi, kwa lugha wanayoielewa.

Kesi mbili za miaka hiyo hazina budi kusimuliwa pamoja. Mwaka 1841, katika Mahakama Kuu ya Illinois, Lincoln alisimama katika shauri la deni lililotokana na mauzo ya mwanamke Mweusi aitwaye Nance. Hoja yake ilikuwa kwamba katika jimbo huru mtu hawezi kuwa bidhaa, hivyo hati ya deni la kumnunua haina thamani. Mahakama ilikubali: Illinois, kila mtu anachukuliwa kuwa huru mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miaka sita baadaye, Oktoba 1847, katika mji wa Charleston, Lincoln huyohuyo alimtetea Robert Matson, mwenye watumwa kutoka Kentucky, aliyetaka kurudishiwa Jane Bryant na watoto wake. Matson alikuwa akileta watumwa kulima shamba lake Illinois na kuwarudisha Kentucky. Jane alikaa Illinois muda mrefu, akaogopa watoto wake watauzwa kusini, akakimbia. Upande wa Jane alisimama wakili Orlando Ficklin, na akashinda. Jane na watoto wake wakatangazwa huru.

Wapo wanaomtetea Lincoln kwa kusema wakili hachagui mteja, na kwamba ndivyo taaluma ilivyo. Mimi naona utetezi huo haumwondolei mzigo. Alijua sheria vizuri kuliko wengi, maana aliwahi kuitumia kumkomboa Nance. Alikuwa huru kuikataa kesi ya Matson na hakuikataa. Siku chache tu baada ya kushindwa, tarehe 25 Oktoba, aliondoka Springfield na mkewe Mary na wanawe wawili kwenda kuapishwa Washington. Huyo ndiye mbunge aliyekuwa safarini: mtu anayechukia utumwa moyoni, lakini ambaye bado anaweza kuutumikia mahakamani. Muhula wake wote una alama za mgongano huo.

Makubaliano ya zamu

Sasa tuje kwenye kiti chenyewe. Illinois ilikuwa na viti saba katika Baraza la Wawakilishi, na chama cha Democrat kilikuwa na nguvu karibu kila mahali. Chama cha Lincoln, Whig, kilikuwa na uhakika wa kiti kimoja tu, cha wilaya ya saba ya uchaguzi iliyokuwa na Springfield ndani yake. Kiti kimoja, na vijana watatu wenye uwezo wanaokitaka: John J. Hardin, Edward D. Baker na Lincoln. Wote watatu mawakili, na wote wakifahamiana kwa karibu.

Mwaka 1843 Lincoln alikitaka kiti hicho waziwazi, lakini kaunti yake mwenyewe ya Sangamon ikampendelea Baker, tena ikamteua Lincoln awe mjumbe wa kwenda kumpigania. Alimwandikia rafiki yake Joshua Speed kwamba anajiona kama mtu aliyenyang'anywa mchumba kisha akaombwa amsindikize bwana harusi. Mkutano wa wilaya ulifanyika katika mji wa Pekin, Illinois, mwezi Mei, ukamteua Hardin. Hapo ndipo Lincoln alipotoa pendekezo lililokuja kutawala maisha yake ya kisiasa kwa miaka sita: mkutano uonyeshe mapema kwamba zamu ijayo ni ya Baker. Likapita.

Waliowahi kufuatilia kura za maoni ndani ya vyama vya huku kwetu wanajua thamani ya maelewano ya namna hiyo, na wanajua pia udhaifu wake. Hayakuwa sheria. Hakukuwa na hati iliyotiwa saini kwamba baada ya Baker atafuata Lincoln. Lakini Hardin alitumikia muhula wake akatoka, Baker akachaguliwa 1844, na ilipokaribia 1846 Lincoln alikwenda kaunti kwa kaunti, akiandika barua na kuzungumza na wahariri wa magazeti, akidai jambo moja tu: zamu kwa zamu ni haki. Hardin alijaribu kurudi. Akapendekeza utaratibu wa uteuzi ubadilishwe, wanachama wapige kura moja kwa moja na wagombea wasifanye kampeni nje ya kaunti zao. Lincoln, ambaye tayari alikuwa na ahadi za wajumbe mfukoni, alijibu kwa upole kwamba utaratibu wa zamani uliomfaa Hardin na Baker unamfaa na yeye. Februari 1846 Hardin akajitoa, na tarehe 1 Mei mkutano wa Petersburg ukamteua Lincoln.

Angalia basi mtego aliojiwekea. Hoja yake yote dhidi ya Hardin ilikuwa kwamba mtu mmoja asikalie kiti mara mbili wakati wengine wanasubiri. Kwa kuinadi hoja hiyo katika wilaya nzima, alikuwa amejifungia mlango wa muhula wa pili kabla hata ya kupata wa kwanza.

Mpinzani wake wa Democrat alikuwa Peter Cartwright, mhubiri maarufu wa Kimethodisti, mmoja wa waliomshinda katika uchaguzi wa 1832. Watu wa Cartwright walieneza kwamba Lincoln hana dini. Lincoln akachapisha kikaratasi akikiri kwamba si mshiriki wa kanisa lolote, ila hajawahi kukana ukweli wa Maandiko wala kuidharau dini ya mtu. Tarehe 3 Agosti 1846 alipata kura 6,340, Cartwright 4,829.

Maswali manane

Vita na Mexico vilianza katikati ya kampeni hiyo. Mwishoni mwa Aprili 1846 wanajeshi wa Marekani walishambuliwa katika ardhi iliyo kati ya mito Nueces na Rio Grande. Texas, iliyokuwa imeingia Marekani, ilidai mpaka wake ni Rio Grande. Mexico ilisema hapana. Polk aliliambia bunge kwamba damu ya Wamarekani imemwagwa katika ardhi ya Marekani, na tarehe 13 Mei bunge likatangaza vita. Hardin alikwenda vitani akauawa Buena Vista Februari 1847. Baker naye alijiuzulu ubunge akaongoza kikosi. Lincoln alibaki Springfield, na katika kampeni hakuonekana kupinga.

Bunge jipya lilikutana Desemba 1847, mwaka mzima na zaidi baada ya uchaguzi, kama kalenda ya wakati ule ilivyotaka. Tarehe 22 Desemba Lincoln aliwasilisha azimio lenye maswali manane kwa rais. Mara nyingi maswali haya hutajwa kana kwamba yalikuwa kelele za mwanasiasa mgeni. Ukiyasoma unamwona wakili akimdodosa shahidi. Mahali hasa damu ilipomwagika, je, palikuwa ndani ya ardhi ya Hispania na baadaye Mexico? Wakazi wa pale waliwahi kupiga kura Texas au Marekani, kulipa kodi, kuitwa kwenye jopo la mahakama, kupokea hati ya wito? Jeshi la Marekani lilipokaribia, je, walikimbia wakaacha nyumba na mazao yao? Kila swali lilihitaji jibu la ndiyo au hapana, na kila jibu la kweli lingemwumiza rais. Ni ufundi wa mahakama za mzunguko ulioletwa mbele ya mkuu wa nchi. Polk hakujibu, na Baraza halikulifanyia azimio hilo kazi yoyote.

Tarehe 3 Januari 1848 Lincoln alipiga kura pamoja na Whig wenzake kuunga mkono maneno ya George Ashmun wa Massachusetts, kwamba vita vilianzishwa na rais bila ulazima na kinyume cha katiba. Yalipita kwa kura 85 dhidi ya 81. Siku tisa baadaye alisimama kuhutubia. Alieleza kwamba kwa mtazamo wake, raia wema wasioafiki vita walipaswa kunyamaza mpaka viishe, na kwamba angenyamaza kama Polk asingekuwa anazihesabu kura za kuwapelekea askari chakula na silaha kama ushahidi kwamba wote wanaukubali uamuzi wake. Tofauti hiyo kati ya kuwahudumia askari na kumtakasa aliyewatuma ndiyo roho ya msimamo wake wote. Kura za mahitaji ya askari aliziunga mkono.

Herndon, mshirika wake, aliandika kutoka Springfield akiwa na wasiwasi, akitetea haki ya rais kuvuka mpaka kujihami. Jibu la Lincoln la tarehe 15 Februari 1848, kwangu, ndilo andiko bora kabisa la muhula huo. Alisema ukimruhusu rais aivamie nchi jirani kila anapoona ni lazima kuzuia uvamizi, umemruhusu kufanya vita apendavyo. Waliotunga katiba walilipa bunge mamlaka hayo kwa sababu wafalme wamekuwa wakiwaingiza watu wao vitani na kuwafukarisha, wakidai ni kwa faida ya watu haohao. Mwaka 1861, akiwa rais, Lincoln aliweka vizuizi vya bandari na kusimamisha haki ya mfungwa kufikishwa mahakamani kabla bunge halijakutana. Yeye alisema uasi wa ndani ni jambo jingine. Barua yake ya 1848 bado inastahili kusomwa kando ya matendo hayo.

Sauti ya watumwa chini ya dirisha

Vita vimekula sifa yote ya muhula huu, na kazi yake juu ya utumwa imefifia. Lincoln alipanga katika nyumba ya wageni ya Bi Ann Sprigg, mbele ya jengo la bunge, pamoja na Joshua Giddings wa Ohio, mpinzani mkali wa utumwa. Utumwa ulikuwa halali katika mji mkuu wenyewe. Miaka baadaye, akihutubia mjini Peoria mwaka 1854, Lincoln alikumbuka kwamba kutoka madirisha ya bunge lilionekana banda ambamo watu walikusanywa na kuhifadhiwa kama farasi kabla ya kupelekwa kusini.

Januari 1849 alisoma bungeni rasimu ya muswada wa kuukomesha utumwa katika wilaya hiyo ya mji mkuu. Watoto watakaozaliwa na mama watumwa kuanzia 1850 wangekuwa huru, wenye watumwa wangelipwa fidia wakitaka kuwaachia, na yote yangepigiwa kura kwanza na wanaume weupe wa Washington. Muswada huo pia uliwataka maofisa wa mji kuwakamata na kuwarudisha watumwa waliotoroka kutoka majimbo mengine. Kifungu hicho kiliwaudhi wapinga utumwa, na mwaka 1860 Wendell Phillips alimwita Lincoln mbwa wa kuwinda watumwa kwa ajili yake. Ni mkono uleule wa kesi ya Matson: kutoa uhuru kwa mkono mmoja na kuilinda hati ya mwenye mtumwa kwa mwingine. Waliomuunga mkono walirudi nyuma, naye hakuuwasilisha rasmi. Tarehe 16 Aprili 1862, akiwa rais, alitia saini sheria iliyowakomboa watumwa wa mji huohuo.

Nani alipoteza kiti

Tarehe 8 Januari 1848, kabla ya hotuba yake ya vita, Lincoln alimwandikia Herndon kwamba kama hakuna mwingine anayekitaka kiti hatakataa kurudishwa, lakini kujiingiza kushindana na wengine kungekuwa kuvunja ahadi na heshima yake. Barua hiyo inaonyesha tamaa, na inaonyesha pia kizuizi. Mwingine alikuwapo: Stephen Logan, mshirika wake wa zamani, ambaye zamu yake ilikuwa imefika.

Logan aligombea Agosti 1848 akashindwa kwa kura 106 na Thomas Harris, Mdemokrat aliyetoka vitani na sifa zake. Magazeti ya Democrat yalikuwa yamemsakama Lincoln kwa miezi mingi, na inawezekana msimamo wake ulimpunguzia Logan kura. Lakini Logan mwenyewe hakuwa mtu wa kupendwa na umati, na kura 106 ni chache mno kubebeshwa sababu moja. Miezi mitatu baadaye, katika uchaguzi wa rais, wapiga kura wa wilaya ileile walimpa Zachary Taylor wa Whig ushindi wa zaidi ya kura 1,500. Taylor alikuwa jenerali wa vita hivyohivyo, kwa hiyo kura zake si kibali kwa maneno ya Lincoln. Hata hivyo zinaonyesha kwamba wilaya haikuwa imekitupa chama chake. Na mwaka 1850 Whig, kupitia Richard Yates, walikirudisha kiti.

Kilichomuuma Lincoln kweli kilikuja baada ya muhula. Alimfanyia Taylor kampeni hadi Massachusetts, akatarajia kuteuliwa mkuu wa ofisi ya ardhi za serikali. Nafasi ikapewa Justin Butterfield wa Chicago. Alipopewa ugavana wa Oregon, mbali magharibi, alikataa. Mary hakutaka kusikia habari za kuhamia huko. Machi 1849, muhula wake ukiwa umekwisha, alitetea shauri mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani akashindwa, na mwezi huohuo akaomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya kifaa cha kuinua meli zilizokwama kwenye mchanga. Alipewa hataza namba 6,469, na hadi leo hakuna rais mwingine wa Marekani aliyewahi kupata.

Akarudi kwenye mzunguko wa mahakama. Mwanawe Eddie, aliyepewa jina la Edward Baker, alifariki Februari 1850. Miaka iliyofuata alikuwa wakili kuliko alivyowahi kuwa: aliitetea kampuni ya reli ya Illinois Central kisha akaishtaki ilipogoma kumlipa ada ya dola 5,000, na mwaka 1858 alimwokoa kijana Duff Armstrong na kitanzi kwa kumwonyesha shahidi kalenda iliyothibitisha mahali mwezi ulipokuwa usiku wa mauaji. Sheria ya Kansas na Nebraska ya 1854, iliyofungua maeneo mapya kwa utumwa, ndiyo iliyomrudisha kwenye siasa.

Na siasa ndiyo iliyoifufua simulizi ya vita. Agosti 1858, wakigombea useneta, Stephen Douglas alimshutumu Lincoln mjini Ottawa kwamba alisimama na adui dhidi ya nchi yake. Wengine walidai aliwanyima askari chakula. Herndon naye, miaka mingi baada ya kifo cha Lincoln, alisimulia kwamba msimamo ule ulikuwa sawa na kujiua kisiasa. Maneno ya mpinzani na ya rafiki yakaungana, na ndiyo tunayoyasikia mpaka sasa.

Septemba 1858 mdahalo wao ulifika Charleston. Lincoln alimwona Orlando Ficklin ameketi jukwaani, Mdemokrat aliyekuwa naye bungeni, na wakili aliyemshinda katika mji huohuo kesi ya Jane Bryant. Akamshika, akamvuta mbele ya umati, akamtaka aseme kama shutuma ile ni kweli. Ficklin alisema yeye ni rafiki wa Lincoln, na kwamba anachokumbuka ni kuwa azimio la Ashmun lilipokuja, Lincoln aliliunga mkono. Lincoln akasema hilo ni kweli tupu: alipiga kura kwamba rais alivianzisha vita isivyo halali, na kila ilipokuja kura ya mahitaji ya askari aliiunga mkono. Januari 1859 bunge la Illinois, ambalo wakati ule ndilo lililochagua maseneta, lilimrudisha Douglas kwa kura 54 dhidi ya 46.

Mwaka 1860, alipoombwa maelezo ya maisha yake kwa ajili ya kampeni ya urais, Lincoln aliandika kuhusu vita na kura zake kwa kirefu. Kuhusu kutogombea tena alitumia sentensi mbili: kwamba jambo hilo liliamuliwa na kutangazwa kabla hajakwenda Washington, kwa maelewano na marafiki zake wa Whig, kama Hardin na Baker kila mmoja alivyotumikia muhula mmoja katika wilaya ileile.